Kwanza niambieni kilo ngapi

Ndugu wajumbe, nitarudia neno ninalolisema kila ninapoalikwa na kamati ya harusi: msinunue chakula kwa sahani kabla ya kujua sahani hiyo ina nini. Mpishi akishataja bei ya sahani, muulizeni: utapika kilo ngapi za mchele, na kilo ngapi za nyama? Akianza kuzungukazunguka, tafuteni mwingine.

Tupige hesabu hapa hapa. Kadi 180, na kati ya hizo 120 ni za wawili, hao ni watu 300. Msiniambie kadi 180 ni watu 180, nimelisikia hilo vikaoni mpaka nimechoka. Pilau, kilo ya mchele hutosha watu wanane. Inakuja kilo 38, mimi hununua 40. Sasa nyama, na hapa nawaomba mnisikilize. Nyama huhesabiwa kwa vipande. Steki mbichi ikikatwa vipande vya gramu 50, kilo moja inatoa 20. Kila mgeni vitatu, ni vipande 900, yaani kilo 45. Ikiwa ya mifupa, ongezeni. Na mkataji akate sawasawa, maana kipande kikubwa na kidogo vikikutana sufuria moja, watu watachagua, na wakianza kuchagua kuna meza itakosa.

Nilihudhuria harusi ambayo nyama ilikuwa tele jikoni. Bakuli la nyama likawekwa mwanzo kabisa wa meza ya chakula, kila mtu ajipakulie. Sahani bado tupu, njaa imebana, mkono unajaza tu. Wazee wa upande wa bwana harusi walikuwa wameketishwa nyuma, na zamu yao ilipofika walipata wali na mchuzi. Mzee mmoja aliiweka sahani chini, akaomba maji, akanywa, akaondoka bila kuaga. Kesho yake kamati inasema chakula hakikutosha. Kilitosha! Kilichokosekana ni mtu wa kushika upawa. Wali uanze, mboga na kachumbari zifuate, nyama iwe ya mwisho, na nyuma yake asimame mama asiyeona haya kusema, “Vitatu, mwanangu.”

Kuna atakayesema: tupike mara mbili, kuishiwa ni aibu, kikibaki tutagawa. Mtagawa nini saa saba ya usiku? Pilau iliyokaa nje tangu saa mbili, Dar es Salaam, mwezi wa Desemba? Kuna bakteria aitwaye Bacillus cereus. Mbegu zake hazifi mchele ukichemka. Wali ukiachwa upoe polepole zinaamka, bakteria wanazaana na kuacha sumu, na sumu hiyo haiondoki hata ukiupasha asubuhi mpaka ufuke moshi. Wali ukae wa moto, nyuzi 60 kwenda juu, au uingie kwenye friji ndani ya saa mbili. Kama hamna friji ya kumeza sufuria mbili za ziada, msizipike.

Watoto wawili hesabuni mtu mmoja. MC, mpiga picha, vijana wa muziki, madereva, walinzi, hawa hawana kadi lakini wameshinda kazini, watengewe chakula chao kabla foleni haijaanza. Ni haki yao.

Mwenyekiti ananionyesha saa, basi vinywaji kwa haraka. Soda mbili kwa mgeni ni chupa 600, kreti 25 za chupa 24. Andikianeni na wakala mapema kwamba kreti isiyofunguliwa inarudi. Bia, hesabuni wanywaji, si wageni. Maji yazidi vyote, na barafu iwahi kufika kabla ya wageni. Keki naiacha leo.

Nani ana kikao wiki hii? Aje hapa mbele na idadi ya kadi zake, za mmoja kando na za wawili kando, tumpigie hesabu.