Toleo Jipya Lina Kasi Kuliko Lipi? Mhadhara kwa Waandishi wa Programu, Lamu

Assalaam aleikum walimu wangu, ndugu zangu, vijana wa hapa mjini na nyinyi mliovuka bahari kutoka Pate. Ahsanteni kwa kunipa nafasi.

Nimekuja na swali moja, nataka mtoke nalo. Mtu akikwambia toleo jipya la programu yake lina kasi, muulize: kasi kuliko lipi? Na yote mawili yalipimwa lini, juu ya mashine gani?

Sote hapa tunayajua mashindano ya mashua. Hakuna nahodha atakayekubali mashua yake ipigiwe saa leo kwenye kusi, kisha ilinganishwe na saa ya mwenzake ya kaskazi iliyopita. Mashua hung'oa pamoja, upepo mmoja, maji mamoja. Kwenye programu tunayaridhia mambo ambayo nahodha hayaridhii. Toleo la kwanza lilipimwa mwaka jana, namba ikahifadhiwa. Leo linapimwa la pili, namba mbili zinawekwa bega kwa bega, tangazo linatoka.

Mtaniambia mashine ni ile ile. Sikilizeni. Januari 2018 zilitangazwa kasoro mbili za prosesa, yaani ubongo wa kompyuta: Meltdown na Spectre. Mifumo endeshi, yaani programu kuu zinazoiendesha kompyuta, ikatiwa viraka, na viraka hivyo vikapunguza kasi ya kazi fulani, hasa programu zinazouita mfumo endeshi kila mara. Aliyepima Desemba 2017 akarudia baada ya viraka angeweza kuona programu yake imezorota, na hali hajagusa mstari hata mmoja. Angetafuta kosa ndani ya msimbo wake mpaka achoke, na kosa halimo.

Hapa kwetu kuna joto pia. Laptopu ikipata moto, prosesa hujipunguzia kasi yenyewe. Umeme ukipotea ukabaki na betri, mashine nyingi hupunguza tena. Ukilipima toleo la zamani asubuhi na jipya adhuhuri, tofauti utakayoipata ina jua ndani yake.

Kwa hiyo namba ya zamani iacheni ilale kwenye daftari. Lijengeni upya toleo la zamani leo, mlipime pamoja na jipya kwa zamu: la zamani, jipya, la zamani, jipya, mizunguko mingi, ili joto na kila kinachopita kiyaguse yote mawili. Tazameni namba ya katikati, na mtazame namba zimetawanyika kiasi gani. Kabla ya hayo, lishindanisheni toleo moja na lenyewe. Likijishinda kwa asilimia 3, basi asilimia 3 ni kelele za mashine yenu, na mtu asije akajisifu kwa asilimia 2.

Kelele hizo hutoka mahali ambapo hukuwazia. Mwaka 2009 mtafiti Todd Mytkowicz na wenzake walionyesha kwamba ukubwa tu wa vigezo vya mazingira (maelezo ambayo mfumo endeshi huipa programu inapoanza), ambao unaweza kubadilika hata kwa urefu wa jina la mtumiaji, hubadilisha kasi ya programu kiasi cha kugeuza hukumu. Mpangilio wa mafaili wakati wa kuunganisha programu nao ni vivyo hivyo.

Sasa nitakaa kidogo kwenye kisa cha Python, lugha ya kuandikia programu, maana kinanigusa sana. Mapema 2025, toleo la 3.14 likiwa bado linatayarishwa, ilitangazwa njia mpya ya kuendesha msimbo, na vipimo vya mwanzo vikaonyesha kasi imepanda kwa wastani wa asilimia 9 hadi 15. Njia ya zamani na mpya zote zilijengwa kwa kompaila moja, Clang 19; kompaila ni programu inayogeuza msimbo kuwa lugha ya mashine. Ungedhani hapo haki imetimia. Mwezi Machi mwandishi wa programu Nelson Elhage akachunguza, akakuta kompaila hiyo yenyewe ina kasoro iliyoifanya njia ya zamani iende polepole kuliko ilivyostahili. Sehemu kubwa ya ushindi ilikuwa ni udhaifu wa mshindani. Watunzi wa Python wakarekebisha maelezo yao hadharani, wakaandika asilimia 3 hadi 5. Mimi nawaheshimu kwa hilo kuliko ningewaheshimu kwa zile 15. Tangu hapo, kila ninapoona toleo jipya limeshinda kwa pengo kubwa, kwanza nalikagua la zamani: limejengwa kwa kompaila gani? Je, toleo jingine la kompaila linasema hivyo hivyo?

Wastani nao uutazameni vizuri. Python 3.11 ya mwaka 2022 ilitangazwa kuipita 3.10 kwa mara 1.25 kwa wastani, na katika kazi mbalimbali nyongeza ilikuwa kati ya asilimia 10 na 60. Ni kweli. Lakini programu inayotumia muda wake mwingi ikingoja mtandao haipati hata nusu ya hayo. Tuseme umeandika programu ya kurekodi mapato ya wavuvi. Anayeitumia yuko gatini, ameshika simu ya bei nafuu yenye kumbukumbu ndogo, samaki wanangoja mizani. Kasi ya laptopu yako haimfai kitu. Pima kwenye simu kama yake, pima kile anachokifanya yeye, na uangalie ile mara mbaya kabisa, kwa sababu ndiyo itakayomfanya arudi kwenye daftari la karatasi.

Na mkigundua kweli toleo limezorota, msisome mabadiliko yote moja moja. Git, chombo cha kutunza historia ya mabadiliko ya msimbo, ina amri ya kugawa nusu kwa nusu: mabadiliko 1,000 huyamaliza kwa majaribio kama 10. Lakini kila jaribio lataka kipimo cha kuaminika, la sivyo mtamtwika lawama asiyekosa.

Baada ya sala ya alasiri tutakaa kwenye zile meza za nyuma. Kila mmoja aje na matoleo mawili ya programu yake, na mwenye simu ya zamani ailete, tunaihitaji.