Watu Kumi Wanatosha: Uongozi wa Dini Miongoni mwa Wayahudi wa Mbale

Mabibi na mabwana, waalimu wangu na wanafunzi, shikamooni wote mnaostahili.

Nimeombwa nizungumzie uongozi katika jamii za Kiyahudi za leo. Pengine mlitarajia nianzie Yerusalemu au New York. Naanzia Mbale, mashariki mwa Uganda, karibu na Mlima Elgon. Huko wanaishi Abayudaya, Wayahudi weusi wapatao elfu mbili, ambao walikaa zaidi ya miaka themanini bila rabi hata mmoja aliyezaliwa kwao.

Hapo lazima tuelewane jambo moja. Rabi si kasisi. Ni mtu aliyebobea katika Torati na sheria, anayefundisha na kutoa hukumu. Sala ya jamaa katika dini ya Kiyahudi haimsubiri yeye. Inasubiri watu wazima kumi. Kwa Waothodoksi, yaani Wayahudi wanaoshika sheria za kale kwa ukali, ni wanaume kumi. Nabugoye, kilima chenye sinagogi kuu ya Abayudaya, wanawake nao huhesabiwa. Wakitimia kumi, Torati inatolewa, inasomwa. Naamini kanuni hiyo ndiyo iliyowaokoa watu wa Mbale.

Aliyeanzisha ni Semei Kakungulu, jemadari wa Kiganda aliyewasaidia Waingereza kuiteka mashariki ya Uganda. Alitumaini kutawala nchi aliyoiteka. Waingereza walimpunguzia madaraka, naye akazidi kuzama katika Biblia. Kwanza alijiunga na Wamalaki, Wakristo waliokataa dawa za hospitali. Lakini aliposoma vitabu vya Musa aliona tohara imeamriwa, wala hakuona mahali ilipofutwa. Inasimuliwa kwamba wenzake walimwonya kuwa hayo ni mambo ya Wayahudi, naye akajibu kuwa basi yeye ni Myahudi. Mwaka 1919 alitahiriwa yeye na wanawe. Hakuna mmisionari aliyemwendea. Kitabu peke yake kilitosha, na jambo hilo linanigusa kila ninapolifikiria.

Karibu mwaka 1920 alikuja Myahudi mgeni aitwaye Yusufu, akakaa nao kama miezi sita, akawafundisha kalenda, sikukuu na uchinjaji wa halali kwa sheria ya Kiyahudi. Kisha akaondoka. Kakungulu alifariki mwaka 1928. Tangu hapo dini ilikuwa mikononi mwa wazee wa vijiji, wakulima walioimba Zaburi kwa Kiganda na kuitunza Sabato kadiri walivyoijua.

Idi Amin alipotwaa madaraka mwaka 1971 alipiga marufuku ibada za Kiyahudi. Masinagogi yalifungwa. Wengi waliingia Ukristo au Uislamu, na hatuna haki ya kuwalaumu tukiwa tumekaa salama katika ukumbi huu. Waliobaki walisali kwa siri majumbani. Inakadiriwa kuwa jamii ya watu elfu tatu ilipungua hadi kama mia tatu. Amin alianguka Aprili 11, 1979, na jioni hiyo ndiyo iliyoanza Pasaka, sikukuu ya kutoka utumwani Misri. Hebu fikirini walivyoiadhimisha.

Nadhani watafiti wanakipita haraka mno kipindi kilichofuata. Katika miaka ya themanini vijana walikwenda Nabugoye wakaishi pamoja, wakalima pamoja, wakajifunza Kiebrania na kuirudisha ibada hadharani. Miongoni mwao walikuwa ndugu wawili, Joab Jonadab Keki na Gershom Sizomu. Hawakuwa na cheo kutoka kwa mtu yeyote. Walikuwa vijana waliokataa kuwa kizazi cha mwisho, na kwangu mimi huo ndio uongozi wenyewe. Vyeti vilikuja baadaye.

Vilikuja kweli. Mwaka 2002 baraza la marabi wa madhehebu ya Masorti, ambayo Marekani huitwa Konsavativu na si makali kama ya Waothodoksi, lilifika Uganda na kuwaingiza rasmi katika dini watu wapatao mia nne. Hapo jamii iligawanyika. Watu wa kijiji cha Putti walikataa, wakitaka kupokelewa na Waothodoksi. Wapo wanaowaona wakaidi. Mimi nawaelewa, maana kama huamini kuwa baraza lina mamlaka, huwezi kulikubali kwa sababu tu limekuja na neema. Sizomu alikwenda kusoma Los Angeles, akapata urabi mwaka 2008, akarudi nyumbani kufundisha. Keki naye alianzisha mwaka 2004 ushirika wa kahawa wa Wayahudi, Wakristo na Waislamu. Shule za jamii hiyo pia hupokea watoto wa dini zote.

Mwaka 2016 Sizomu alichaguliwa kuwa mbunge wa Bungokho Kaskazini. Hapo nina wasiwasi wangu. Mwalimu wa Torati akisimama jukwaani kuomba kura, wafuasi wa chama kingine watamsikilizaje siku ya Sabato? Lakini waliompigia kura wengi wao hawakuwa Wayahudi, na katika nchi ambayo dini hii iliwahi kuwa kosa la jinai, hilo si jambo dogo.

Suala la kutambuliwa bado ni bichi. Mwaka huohuo wa 2016 Wakala wa Wayahudi, shirika linalowasaidia Wayahudi kuhamia Israel, uliitambua jamii hii. Lakini mwaka 2018 Wizara ya Mambo ya Ndani ya Israel ilikataa ombi la kijana mmoja wa Abayudaya aliyetaka kuhamia huko kwa haki anayopewa kila Myahudi. Taasisi moja inamhesabu, nyingine haimhesabu. Wanasheria wanaweza kubishana juu ya nani alimwingiza katika dini, lini, na kwa baraza gani, na hoja hizo zina uzito wake. Ninachodai mimi ni kwamba wanaoamua wasiwachukulie watu hawa kama waombaji wa jana. Babu zao walisali milango ikiwa imefungwa, Amin akiwa Ikulu, na hapakuwa na hati yoyote waliyotarajia kuipata kwa kufanya hivyo.

Asanteni. Nayapokea maswali.