Kipande cha Babu na Jezi ya Mjukuu

(Mhadhara uliotolewa Tanga, mbele ya makocha, walimu wa michezo na wazee wa mji)

Ndugu Mwenyekiti, wazee wetu mliokaa mstari wa mbele, walimu wenzangu, na nyinyi vijana mliotoka Ngamiani, Chumbageni hadi Pongwe, asalaam aleikum na poleni kwa joto la ukumbi huu.

Wengi wenu mmekwisha kunisikia nikilisema jambo hili barazani na katika vikao vya makocha. Nalirudia leo kwa sababu wiki hii hii, nje ya Uwanja wa Mkwakwani, nimemsikia kijana akimwita mchezaji msaliti, kosa lake likiwa kuacha kuchezea nchi aliyozaliwa na kwenda kuchezea nchi ya wazazi wake. Neno hilo nimelipinga kwa miaka mingi, na nitaendelea kulipinga maadamu lipo vinywani mwa watu.

Mfano wangu nautoa katika ragbi ya wachezaji 13, ile inayoitwa ligi ya ragbi, nami nafahamu kwamba hapa Tanga hakuna aliyewahi kuicheza. Mtaniuliza kwa nini nisitumie mpira wa miguu tunaoujua sote. Ni kwa sababu mpira wa miguu umelifunga swali hili ndani ya pasi ya kusafiria, wakati ligi ya ragbi imeliacha wazi mpaka tunaweza kuliona umbo lake lote. Kanuni yenyewe naipita haraka. Mchezaji ana haki ya kuchezea nchi aliyozaliwa mwenyewe, au aliyozaliwa baba au mama yake, au aliyozaliwa mmoja wa babu na bibi zake, au nchi aliyokaa miaka 5 mfululizo, ambayo zamani ilikuwa miaka 3. Juu ya hapo mataifa yamepangwa kwa ngazi, na katika ngazi ya kwanza wamo Australia, Nyuzilandi na Uingereza peke yao. Aliyekwisha kuchezea mmoja wa wakubwa hao haruhusiwi kuhamia kwa mkubwa mwingine, lakini mlango wa kwenda kwa taifa dogo ambalo damu yake inamruhusu umeachwa wazi. Wanachouliza ni mahali alipozaliwa bibi yako, na rangi ya pasi yako hawaitazami.

Sasa nendeni nami Auckland mwaka 2017. Jason Taumalolo, mzaliwa wa mji huo huo, mtoto wa ukoo wa Kitonga, alikuwa amekwisha kuivaa jezi nyeusi ya Nyuzilandi na alihesabiwa miongoni mwa wachezaji wenye nguvu kuliko wote duniani katika nafasi yake. Kombe la Dunia lilikuwa linakaribia, na muda mfupi kabla kikosi cha Nyuzilandi hakijatangazwa, alisema kwamba atachezea Tonga. Andrew Fifita, ambaye jina lake lilikuwa limekwisha kutajwa katika kikosi cha Australia, naye akajitoa na kumfuata. Tonga ni nchi ya visiwa yenye watu laki moja hivi, maana yake hawafiki hata nusu ya wakazi wa Jiji la Tanga. Magazeti ya Nyuzilandi yaliwaka moto, na maneno yaliyosemwa juu ya kijana huyo ni yale yale niliyoyasikia juzi nje ya Mkwakwani.

Tarehe 11 Novemba timu hizo mbili zikakutana Hamilton, katika ardhi ya Nyuzilandi, na uwanja ulikuwa mwekundu, kwa kuwa walioujaza kwa wingi walikuwa Watonga waliozaliwa na kukulia huko huko, wenye bendera za nchi ambayo baadhi yao hawajawahi kuikanyaga. Mpaka mapumziko Nyuzilandi walikuwa mbele kwa 16 kwa 2. Kipindi cha pili mambo yakageuka. David Fusitu'a alipachika trai 3, yaani mara tatu aliugusisha mpira chini nyuma ya mstari wa wapinzani, na mchezo ukaisha Tonga 28, Nyuzilandi 22. Katika nusu fainali dhidi ya Uingereza walikuwa nyuma kwa 20 kwa 0 hadi dakika za mwisho kabisa, wakapata trai 3 mfululizo, wakafungwa 20 kwa 18 huku mpira wa ushindi ukiwachoropoka mikononi karibu na mstari. Miaka miwili baadaye, ndani ya wiki mbili, waliwashinda Great Britain, yaani timu ya pamoja ya Uingereza na jirani zake, 14 kwa 6, kisha Australia, mabingwa wa dunia, 16 kwa 12.

Huwa naulizwa hapa, na naona mzee mmoja ameshainua mkono: kama mtu amezaliwa Auckland, amesomeshwa Auckland na kufundishwa mchezo Auckland, je, hana deni? Deni analo, mzee wangu, lakini tuulize kwanza wazazi wa vijana hawa walifikaje Auckland. Walifika kwa sababu baada ya Vita ya Pili viwanda vya Nyuzilandi vilihitaji mikono, na mikono ikachukuliwa visiwani, Tonga, Samoa na kwingineko. Uchumi ulipoyumba katika miaka ya 1970, watu wale wale walioitwa kufanya kazi waligeuzwa wavamizi. Polisi waliingia katika nyumba zao alfajiri, watu wakiwa vitandani, kuwasaka waliopitisha muda wa vibali. Serikali ya nchi hiyo ilikuja kuomba radhi hadharani Agosti 2021. Mtoto aliyelelewa na watu waliogongewa milango alfajiri anapochagua jezi ya bibi yake, mimi siwezi kumwita msaliti.

Na hapa ndipo kwetu. Nimekuja na kitu, na nitaomba kipite mikononi mwenu taratibu kwa sababu karatasi yake imechoka. Hiki ni kipande cha babu yangu, yaani kadi yake ya kazi ya shamba la mkonge. Kimekaa kwenye kopo la biskuti la bibi kwa zaidi ya miaka 50, na ndiyo maana pembe zake zina kutu. Tazameni visanduku hivi, 30 kwa hesabu, kimoja kwa kila siku aliyokwenda kukata mkonge. Siku ambayo hakumaliza kazi aliyopangiwa, kisanduku kilibaki kitupu na siku ile ilikuwa imepotea. Pale juu kuna namba. Waliitwa manamba kwa sababu ya namba hizo, na wajukuu wao tumejaa katika ukumbi huu, kutoka Amboni, Muheza na Korogwe. Babu alivuka Ruvuma akitokea upande wa Wareno. Wenyeji wa mji huu wana msemo wao wa waja leo warudi leo, na babu yangu alikuwa mja wa leo ambaye hakurudi. Hata mkonge wenyewe aliokuwa akiukata ulikuwa mgeni, maana ulianza hapa mwaka 1893 kwa miche 62 iliyosalimika safarini.

Kwa kanuni ya ligi ya ragbi, mimi nilikuwa na haki ya kuchezea Msumbiji. Rafiki yangu tuliyecheza naye pembeni, mimi kulia na yeye kushoto, ambaye babu yake alitoka Burundi, alikuwa na haki ya kuchezea Burundi. Tulikuwa na golikipa ambaye bibi yake alikuwa mtu wa Ngazija. Timu nzima ya kambi yetu ya mkonge ingeweza kugawanywa mataifa manne, na sote tulizungumza Kiswahili kimoja na kuipenda Coastal Union kwa moyo mmoja. Ndiyo maana nasema kanuni ya babu na bibi ni kanuni ya kazi. Inafuata njia walizopitishwa watu kwenda kutumika katika mashamba na viwanda vya wengine, na inamwachia mjukuu ruhusa ya kuirudia njia hiyo akitaka. Asipotaka, asilazimishwe, wala naye asiitwe msaliti kwa kubaki.

Wapo watakaosema kwamba wachezaji hawa wanafuata fedha. Hoja hii inanichosha, kwa maana ukweli uko kinyume chake. Malipo ya kuichezea Australia yalikuwa makubwa kuliko ya visiwani, na waliokwenda Tonga walikwenda kupunguza mapato yao. Hoja yenye uzito zaidi, ambayo nimepata kuisikia kwa watu wanaoujua mchezo, ni kwamba mataifa madogo yanageuzwa ngazi ya kupandia. James Tedesco aliichezea Italia, nchi ya asili ya familia yake, katika Kombe la Dunia la 2013 na la 2017, kisha mwaka 2022 akalinyanyua kombe hilo hilo akiwa nahodha wa Australia. Je, Italia ilitumiwa? Nimelifikiria sana swali hili, na jibu langu ni kwamba Italia ilifaidika kwa miaka ile kuliko ambavyo ingefaidika bila yeye. Hata hivyo nakubali kwamba njia ya kupanda inafaa kuwa nyembamba kuliko njia ya kushuka, kwa kuwa mkubwa akimchukua mchezaji mmoja wa mdogo anachukua robo ya nguvu zake, na mdogo akimchukua mmoja wa mkubwa, mkubwa ana wengine ishirini benchi. Samoa walifika fainali ya Kombe hilo la 2022, na njiani waliwatoa Uingereza 27 kwa 26, wakiwa na mchezaji kama Josh Papalii, ambaye kabla yake alikuwa ameichezea Australia. Mashindano ambayo tangu zamani yalikuwa ya nchi tatu yamepata nchi nyingine za kuziogopa.

Muda unanikimbia, naona Mwenyekiti anatazama saa, na jambo lililonileta hasa bado. Jambo lenyewe ni karatasi.

Mwaka 2006 Nyuzilandi walimchezesha Nathan Fien, mzaliwa wa Mount Isa huko Australia, katika mashindano ya mataifa matatu, kwa maelezo kwamba bibi yake alizaliwa Nyuzilandi. Waliwafunga Great Britain 18 kwa 14. Nyaraka zilipokaguliwa ikaonekana kwamba aliyezaliwa Nyuzilandi hakuwa bibi yake bali mama wa bibi, yaani kizazi kimoja juu ya kile kinachoruhusiwa, na Nyuzilandi wakanyang'anywa alama 2 za ushindi ule. Baadaye Fien aliipata haki hiyo kwa njia ya makazi na alikuwemo katika timu iliyochukua Kombe la Dunia mwaka 2008. Angalieni: hiyo ni familia ya nchi ambayo kila uzazi unaandikwa, na bado walikosea kwa kizazi kimoja. Sasa rudini kwenye kipande cha babu yangu, na aliyenacho mkononi atusomee. Kimeandika namba. Kimeandika shamba. Penye kabila kimeandika Mawia, jina ambalo Wamakonde wa upande wa pili walipewa na wengine. Mahali alipozaliwa hapakuandikwa. Bibi, aliyemfuata miaka miwili baadaye, hana karatasi hata moja yenye jina lake.

Kuhusu wale wachezaji watatu wa Singida Black Stars, kutoka Ghana, Ivory Coast na Guinea, waliopewa uraia wetu Januari 2025, mniulize baada ya mhadhara, maana najua mtauliza. Kwa ufupi, uraia ni kazi ya sheria na wameupewa na wenye mamlaka. Lakini FIFA yenyewe inamtaka mtu mzima asiye na damu ya nchi awe amekaa humo miaka 5 kabla ya kuichezea timu ya taifa, na sharti hilo naliunga mkono kwa moyo wote. Nilikusudia pia kumzungumzia Yussuf Poulsen, mzaliwa wa Copenhagen, ambaye baba yake Mtanzania alikuwa mtu wa melini na alifariki mtoto akiwa na miaka 6, naye katika Kombe la Dunia la 2018 akaichezea Denmark akiwa na jina la baba, Yurary, mgongoni. Nitamweka siku nyingine.

Ninachowaomba makocha na walimu mliopo ni kazi ya jioni chache. Kila mtoto mnayemfundisha aulizwe babu na bibi zake wanne walizaliwa kijiji gani, upande upi wa mpaka, na nani bado yu hai wa kulithibitisha hilo. Andikeni, mzee atie dole gumba mbele ya mwenyekiti wa mtaa, mtunze nakala. Wazee waliofika na Silabu, ile ofisi iliyowaajiri watu wa kwenda kukata mkonge, wamebaki wachache sana, na mwaka huu peke yake, katika mtaa wetu, tumezika wawili. Mzee Makonde uliyekaa pale dirishani, nawe nitakuja kwako kesho asubuhi na daftari, inshallah, kama utanikaribisha.

Naomba kipande changu kirudi mbele.