Dozi ya kwanza iingie saa ngapi? Antibayotiki kwa mgonjwa wa nimonia aliyelazwa

Madaktari, wauguzi, wafamasia na wataalamu wa maabara, asanteni kwa kufika. Swali la leo mnaulizana wodini kila wiki: mgonjwa wa nimonia akishafika hospitali, antibayotiki iingie mwilini ndani ya saa ngapi?

Inategemea amefikaje. Aliyekuja presha imeporomoka, viungo vimeanza kushindwa, ana saa moja. Mwenye nimonia ya dhahiri lakini presha haijashuka, ana hadi saa nne tangu alipopita mlangoni. Kuna na wa tatu, anayehema kwa shida na bado hatujui kama ni mapafu, moyo au pumu. Huyo anahitaji tumchunguze haraka kabla hatujamchoma chochote. Tunakosea tunapowapangia wote watatu muda mmoja.

Tuone hizi saa zilikotoka. Mwaka 1997 Marekani ilichapishwa tathmini ya wagonjwa 14,069 wenye umri wa miaka 65 na zaidi waliolazwa kwa nimonia. Waliopata dawa ndani ya saa 8 walikufa kwa kiwango kidogo zaidi katika siku 30 zilizofuata. Mwaka 2004 ikaja tathmini nyingine, nayo ya wazee, ikashusha mpaka hadi saa 4: waliowahi walifia hospitalini kwa asilimia 6.8, waliochelewa asilimia 7.4. Tofauti ni ndogo, ila ukiizidisha kwa wagonjwa wote wanaolazwa ni watu wengi.

Lakini takwimu hizo zisomwe kwa uangalifu. Hakuna aliyewagawa wagonjwa kwa kura, hawa wawahishwe na hawa wacheleweshwe. Yalisomwa mafaili tu. Na mgonjwa hacheleweshwi bila sababu. Mzee wa miaka 80 anaweza kuja na nimonia bila homa wala kikohozi, ila ameanza kuchanganyikiwa na kukataa kula. Atapimwa malaria, atapimwa sukari, atafikiriwa kiharusi, na nimonia itakumbukwa baada ya saa sita. Mzee huyu angekuwa katika hatari kubwa hata kama dawa ingewahi. Kwa hiyo sehemu ya vifo vinavyohesabiwa kuwa vya kuchelewa ni vya aina ya mgonjwa anayechelewa kutambulika.

Marekani ililigeuza lile la saa 4 kuwa kigezo cha kuzipima hospitali. Likazaa balaa lake. Madaktari wakaanza kutoa antibayotiki kwanza na kufikiri baadaye, ili saa isiwapite. Moyo ulioshindwa ukaitwa nimonia, na bonge la damu kwenye mapafu likaitwa nimonia. Kigezo kikalegezwa hadi saa 6, kisha kikaondolewa. Mwongozo wa madaktari wa Marekani wa mwaka 2007 haukutaja saa yoyote. Ulisema tu dozi ya kwanza itolewe mgonjwa akiwa bado idara ya dharura. Uingereza wao wamebaki na saa 4. Kwangu agizo lile la dozi kutolewa dharura lina faida kuliko namba yenyewe, na nitaeleza kwa nini.

Kwa mwenye mshtuko, yaani yule wa presha iliyoporomoka, hakuna mjadala. Utafiti uliotolewa mwaka 2006 uliwafuatilia wagonjwa wa sepsisi (maambukizi yanayofanya viungo vya mwili vianze kushindwa) ambao presha imeshuka: katika saa sita za mwanzo, kila saa moja ya kuchelewa kwa dawa sahihi iliandamana na kupungua kwa uwezekano wa kupona kwa wastani wa asilimia 7.6. Takwimu za jimbo la New York zilizochapishwa mwaka 2017, zenye wagonjwa zaidi ya 49,000, zilikuta athari ndogo zaidi kwa wagonjwa wa sepsisi kwa ujumla, ongezeko la uwezekano wa kifo la takriban asilimia 4 kwa kila saa, na mzigo mkubwa ukawaangukia waliohitaji dawa za kupandisha presha. Ndiyo maana mwongozo wa kimataifa wa sepsisi wa mwaka 2021 unasema saa 1 kwa mwenye mshtuko. Kwa anayeshukiwa tu na presha yake haijashuka, unaruhusu hadi saa 3 za uchunguzi wa haraka.

Kuwatenganisha hawa hakuhitaji maabara. Hesabu pumzi kwa dakika nzima, siyo sekunde 15 mara nne. Anayepumua mara 30 au zaidi kwa dakika yuko pabaya. Pima presha: ya juu chini ya 90, au ya chini 60 kushuka. Mwite jina, muulize yuko wapi na leo ni siku gani. Angalia umri kama umefika 65. Weka oksimita, kipima oksijeni ya damu, kidoleni, na oksijeni ikiwa chini mpe palepale, maana oksijeni haisubiri eksirei wala sahihi ya mtu. Kazi yote hii haizidi dakika kumi, na inaweza kufanywa na muuguzi wa kwanza kumwona mgonjwa.

Sasa nije kwenye saa zinazopotea. Ukiyapitia mafaili utakuta daktari mara nyingi ameandika dawa mapema, ila kati ya kuandikwa na kuingia mshipani zimepita saa tatu au tano.

Mfano wa kawaida kabisa: antibayotiki ya seftriaksoni gramu 1 mara moja kwa siku, imeandikwa saa kumi jioni. Wodini dawa za mara moja kwa siku hutolewa saa mbili asubuhi. Muuguzi wa zamu anaipanga kwenye raundi ya kesho, bila kosa lolote kwa mujibu wa karatasi aliyopewa, na mgonjwa anakaa saa 16 bila dawa. Suluhisho ni huyo daktari kuandika mistari miwili: wa kwanza stat (yaani papo hapo), na saa yake, wa pili ratiba ya kuendelea. Mtego mwingine ni kumhamisha mgonjwa. Idara ya dharura wanajua atachomwa wodini, wodini wanajua ameshachomwa dharura. Asitoke dharura kabla dozi haijaingia na saa yake kuandikwa. Ili hilo liwezekane, dozi za kwanza ziwe kabatini humohumo dharura, famasia ijaze kila asubuhi na jioni.

Seftriaksoni yenyewe haina sababu ya kuchelewa. Gramu 1 iyeyushwe kwa mililita 10 za maji ya sindano, isukumwe taratibu mshipani kwa dakika 2 hadi 4. Gramu 2 ziende kwa dripu ya dakika 30. Isikutane na maji ya dripu ya Ringer laktati kwenye mpira mmoja, kwani kalsiamu iliyomo huganda na dawa. Safisha mpira kwanza kwa maji ya chumvi. Mshipa ukikataa, usikae nusu saa ukiutafuta: gramu 1 inaweza kuchomwa kwenye msuli wa paja au tako, ikiyeyushwa kwa dawa ya ganzi, lidokeini asilimia 1. Iliyochanganywa na lidokeini isiguse mshipa kamwe.

Dawa zikiwa zaidi ya moja na kanula (mrija wa mshipani) ni moja, anza na ile ya jamii ya penisilini au seftriaksoni. Inaua bakteria wengi wa nimonia na inaingia kwa dakika chache. Azithromisini miligramu 500 haisukumwi. Huenda kwa dripu, angalau saa nzima. Vankomisini isizidi miligramu 10 kwa dakika, hivyo gramu 1 ni dakika 100. Anayetanguliza vankomisini amemnyima mgonjwa dawa yake kuu kwa karibu saa mbili.

Damu ya kuotesha vimelea maabara ichukuliwe kabla ya dozi, kwa mgonjwa mahututi na kwa anayedhaniwa kuwa na bakteria sugu. Utafiti mmoja wa wagonjwa wa sepsisi uliotolewa mwaka 2019 ulipata vimelea kwa asilimia 31 kabla ya dawa, na asilimia 19 tu muda mfupi baada ya dawa kuanza. Weka mililita 8 hadi 10 kila chupa, kutoka sehemu mbili za mwili. Lakini ikipita dakika 45 damu haijapatikana, choma dawa. Makohozi yasisubiriwe kabisa. Na anayesema ana mzio wa penisilini aulizwe ilimfanyaje: kichefuchefu siyo mzio, kuvimba midomo na kushindwa kupumua ndiyo mzio.

Kwa mtoto mwenye nimonia kali, Shirika la Afya Duniani linaelekeza ampisilini miligramu 50 kwa kila kilo ya uzito kila baada ya saa 6, pamoja na jentamisini miligramu 7.5 kwa kilo mara moja kwa siku. Kituo kidogo kinachompa rufaa kimchome dozi ya kwanza kabla hajapanda gari.

Dozi ya pili haisemwi sana, na inaumiza vilevile. Mgonjwa amechomwa ampisilini saa tisa alasiri. Inayofuata ni saa tatu usiku, kisha saa tisa usiku. Akipelekwa wodini katikati ya kubadilishana zamu, ataingizwa kwenye raundi ya saa kumi na mbili asubuhi: saa 15 kwa dawa ya kila saa 6. Kwa dawa ya aina hii bakteria huanza upya kuongezeka kiwango chake kikishuka. Saa ya dozi ya pili iandikwe na aliyetoa ya kwanza. Kwa seftriaksoni iliyochomwa saa nne usiku, dozi ya pili iwahishwe, isicheleweshwe: mpe nyingine saa mbili asubuhi baada ya saa 10, ndipo aendelee na raundi. Akingojea asubuhi ya pili zitakuwa saa 34.

Kusimamisha dawa nako kuna wakati wake. Kila siku uliza: joto halizidi 37.8, mapigo hayazidi 100, pumzi hazizidi 24, presha ya juu 90 au zaidi, oksijeni asilimia 90 au zaidi bila mashine, anakula, akili iko sawa? Yakitimia, mhamishie vidonge. Siku 5 humtosha aliyetulia, na jaribio la Ufaransa la mwaka 2021 lilionyesha kuwa siku 3 hazikuwa duni kuliko 8 kwa wagonjwa wa wodi ya kawaida waliokuwa wametulia siku ya tatu. Usiongeze siku kwa sababu ya eksirei. Kivuli hubaki wiki kadhaa baada ya mtu kupona. Ikifika saa 72 bila nafuu, usibadili dawa kwa kubahatisha: tafuta usaha kwenye utando wa mapafu, tafuta kifua kikuu, rudia kujiuliza kama ilikuwa nimonia.

Anayetaka kujua wodi yake ikoje achukue mafaili 20 ya mwisho na kuandika nyakati nne kwa kila mgonjwa: alipofika, alipoonwa, dawa ilipoandikwa, dawa ilipoingia. Pengo kubwa litaonekana lenyewe. Pembeni aandike wangapi walianzishiwa antibayotiki na baadaye haikuwa nimonia, kwani idadi hiyo ikipanda wakati muda unashuka, wodi inakimbiza saa badala ya ugonjwa. Faili lisilo na saa ya dawa kuingia lihesabiwe kuwa dawa ilichelewa.