Mwalimu mkuu akatoka nje, sisi wazazi tukabaki ndani

Jamani, habari za nyumbani? Shikamooni wakubwa wangu wote mnaotazama. Hapa Chicago ni saa mbili kasoro usiku, baridi kali, nimekaa ndani ya gari nje ya shule ya mwanangu. Nimeshindwa kusubiri nifike nyumbani ndipo nirekodi, nataka niwaambie hili likiwa bado la moto.

Nimetoka kikaoni sasa hivi. Mimi ni mjumbe wa baraza la shule, nimechaguliwa na wazazi wenzangu. Ajenda ya leo ilikuwa mkataba wa mwalimu mkuu, tumwongezee au tutafute mwingine. Ulipofika wakati wa kujadili, mwalimu mkuu akasimama, akachukua koti lake kwenye kiti, akatuaga kwa heshima, akatoka. Akaenda kusubiri kwenye korido. Ndani tukabaki wazazi, walimu wawili, mama wa jikoni anayewapakulia watoto chakula, na mzee mmoja jirani ambaye wajukuu zake walishamaliza shule zamani. Sisi ndio tuliokuwa tunaamua.

Nimekulia Tanga. Mwalimu mkuu wetu akipita barabarani, hata baba yangu alikuwa anashuka kwenye baiskeli. Kwa hiyo naomba mnielewe: leo nilipomwona huyu mama anasubiri korido, moyo ulinidunda. Hatukumdharau hata kidogo, na kura zilipohesabiwa tumembakiza. Ila nimekaa nikawaza, kumbe mzazi anaweza kukabidhiwa jukumu zito namna hii na akalibeba.

Sasa niwaeleze hili baraza lilitoka wapi, maana halikushuka kama mvua. Mwaka 1987 walimu wa Chicago waligoma, shule zikafungwa siku 19 za masomo. Wazazi wakachoka. Hasa wazazi weusi na wale wenye asili ya Amerika ya Kilatini, ambao watoto wao ndio walikuwa wanaumia zaidi. Meya wakati ule alikuwa Harold Washington, meya wa kwanza mweusi wa jiji hili, akawaita wazazi, walimu na wafanyabiashara wakae wazungumze shule zirekebishwe vipi. Alifariki ghafla Novemba mwaka huohuo, lakini wazazi hawakuliacha. Walikwenda mpaka kwenye bunge la jimbo la Illinois, na mwaka 1988 sheria ikapita: kila shule iwe na baraza lake. Oktoba 1989 wakapiga kura mara ya kwanza, shule zaidi ya 500.

Tazameni lilivyopangwa. Wazazi 6, wakazi wa mtaa 2, walimu 2, mfanyakazi asiye mwalimu 1, na mwalimu mkuu mwenyewe. Sekondari na wanafunzi wanakuwa na nafasi. Mzazi aliyeajiriwa na idara ya shule haruhusiwi kukalia kiti cha mzazi. Na wazazi ndio kundi kubwa kuliko yote, hawakuwekwa pale kupamba meza.

Halafu kuna hili ambalo nikiwaambia watu hawaamini. Kupiga kura kwenye baraza la shule huhitaji uraia. Urais huwezi kupiga kura bila uraia, lakini shule ya mtoto wako unaweza, na unaweza kugombea pia. Mtaani kwetu kuna familia nyingi za Wakongo waliofika hapa kama wakimbizi, wanaongea Kiswahili chao kitamu cha Kivu. Kuna mama mmoja kati yao, siku ya uchaguzi alikuja na bili ya umeme kuonyesha anakaa hapa, akapewa karatasi, akapiga kura. Akanishika mkono, akaniambia ndiyo mara yake ya kwanza kupiga kura tangu azaliwe. Alikuwa amezidi miaka arobaini.

Mama huyohuyo ndiye aliyetufundisha kazi. Baraza lina majukumu matatu makubwa: kumchagua mwalimu mkuu kwa mkataba wa miaka minne na kumtathmini kila mwaka, kupitisha matumizi ya fedha za shule, na kupitisha mpango wa kuboresha shule na kuufuatilia. Basi mwaka jana tumeletewa bajeti, kurasa na kurasa, tarakimu ndogondogo kama chawa. Wajumbe tumeinamisha vichwa, tunajifanya tunasoma. Yeye hakuwa mjumbe, alikuwa amekaa kwenye viti vya nyuma na mtoto mgongoni, maana vikao ni vya wazi na kila mwananchi ana nafasi ya kusema. Akanyoosha mkono. Akasema kwa Kiswahili, nami nikatafsiri: "Hapa mwaka jana palikuwa na pesa ya mwalimu msaidizi wa watoto wasiojua Kiingereza. Mwaka huu sioni. Amekwenda wapi?"

Kimya. Tukarudi kwenye karatasi, kweli ule mstari haukuwepo. Mwalimu mkuu akaeleza kwamba fedha ile ilipelekwa kwenye kompyuta. Hakuiba mtu. Aliona kompyuta ni muhimu zaidi, na pengine hakuna aliyewahi kumwambia vinginevyo. Tukabishana mpaka saa tatu usiku. Mwisho kompyuta zikasogezwa mwaka mmoja mbele, msaidizi akarudi. Mtoto wa yule mama leo anasoma vitabu vya Kiingereza peke yake. Mimi siwezi kuisahau ile siku.

Na mama wa jikoni naye, huyu mnayemwona mdogo. Tulikuwa tunajiuliza kwa nini watoto wa madarasa ya chini wanalala mezani mchana. Yeye akasema, wana dakika ishirini za kula, kumi zinaishia kwenye foleni, chakula kinakwenda kwenye pipa. Hakuna mzazi aliyekuwa anajua, hata walimu hawakujua, kwa sababu muda ule wanakula wenyewe. Wadogo wakatangulizwa kwenye foleni, basi. Haikugharimu hata senti.

Sitaki niwapake rangi. Shule nyingine viti vinakaa wazi, hakuna anayejitokeza kugombea, hasa kwenye mitaa ambayo mzazi anafanya kazi mbili na analala kwa saa nne tu. Shule za mkataba, zile zinazoendeshwa na mashirika kwa fedha ya umma, hazilazimiki kuwa na baraza hili. Na mwaka 2013 jiji lilifunga shule karibu 50 kwa mkupuo, nyingi kwenye mitaa ya watu weusi, mabaraza yakapinga, wazazi wakalia hadharani, na bado zikafungwa. Baraza halina nguvu hiyo. Hilo linaniuma.

Lakini nawaza nyumbani. Tanzania tuna kamati za shule za msingi, mwalimu mkuu ndiye katibu. Kenya sheria ya elimu ya mwaka 2013 inataka wazazi 6 kwenye bodi ya shule, pamoja na mwakilishi wa walimu. Kwa hiyo viti tunavyo! Mwalimu mkuu kweli hatumchagui sisi, Tanzania anateuliwa na mkurugenzi wa halmashauri, Kenya na tume ya walimu, na hilo halibadiliki kesho. Ila fedha? Tanzania tangu Januari 2016 elimu ya msingi ni bila ada, na ruzuku inaingia moja kwa moja kwenye akaunti ya shule. Ni haki yako kujua imeingia kiasi gani na imefanya nini. Tatizo ninaloliona, mzazi akiitwa kikaoni anajua anaitwa kuchangia. Dawati, uji, mlinzi, mtihani wa majaribio. Anakwenda na pesa au hasira, na asipokuwa na pesa hajitokezi. Hajawahi kuitwa aulizwe: wewe unaonaje?

Dada yangu yuko kwenye kamati huko Tanga, miaka mitatu sasa. Nilimpigia Jumapili, nikamuuliza muhtasari wa kikao kilichopita unasemaje. Akasema hajawahi kuusoma, huwa wanasaini mahudhurio tu. Nikamwambia dada, kikao kijacho, kabla ya jambo lolote, omba usomewe. Kwa adabu tu. Akaniambia anaogopa. Nikamwambia mchukue na jirani, muombe wawili.

Kikao chao ni wiki ijayo, ameniahidi atanipigia akitoka. Nanyi niandikieni hapo chini: kwenye shule ya mwanao, mara ya mwisho kuona hesabu ya ruzuku imebandikwa ubaoni ilikuwa lini? Nitazisoma zote. Ngoja niwashe gari, vidole vimeganda.