Kukunja Kitambaa cha Mezani: Mfuko wa Kijiko na Uma

Habari zenu, watazamaji, karibuni Mikindani. Jumamosi nina wageni wa pweza na wali wa nazi, kwa hiyo leo tunaandaa vitambaa vya mezani.

Chagua pamba tupu. Kata mraba wa sentimita 50 kwa 50, pinda kingo. Zile satini za kung'aa za kwenye kumbi za harusi ziacheni huko huko: kwenye picha zinapendeza, ila mchuzi hazinyonyi, zinausambaza tu mdomoni.

Sasa wanga. Vuruga kijiko cha unga wa muhogo kwenye maji baridi kidogo, mimina kwenye lita moja ya maji yanayochemka huku ukikoroga, kisha chuja. Usipochuja, pasi itanasa. Chovya, kamua, anika. Kikiwa na unyevu bado, kipige pasi.

Pasi ikipata moto, niwape stori. Wasparta wa Ugiriki ya kale walijifutia vidole kwa madonge ya unga uliokandwa, wakimaliza wanawatupia mbwa. Kwa Warumi mgeni alikuja na kitambaa chake, na chakula kilichobaki akakifungia humo akaondoka nacho. Kumbe kufunga pilau ya shughuli hatukuanza sisi! Mwaka 1629, huko Padua, Italia, mtaalamu wa mambo ya mezani, Mattia Giegher, alichapisha michoro ya kukunja vitambaa vikawa kama ndege na wanyama. Sisi leo tunataka mfuko tu.

Kunja nusu, kunja tena nusu, upate mraba mdogo. Pembe nne zilizo wazi ziwe juu, mkono wa kulia. Shika pembe ya juu kabisa, moja tu, izungushe kushuka chini kama unakunja mkeka, mpaka katikati. Hapo una mkanda ulioinama. Pembe ya pili ipenyeze nyuma ya mkanda huo, ukiacha upana wa vidole viwili uonekane. Geuza kitambaa chote, kunja ubavu wa kulia na wa kushoto vikutane nyuma, binya. Kigeuze tena: mfuko huo, chomeka kijiko na uma.

Mezani, kiweke mapajani, mdomo uguse kwa pembe tu, usisugue. Na birika na beseni vipite kama kawaida. Harufu ya pweza kitambaa hakiiwezi.

Doa la bizari ya manjano? Fua kwa sabuni, kianike juani, litafifia. La bibo, lile tunda la mkorosho, ni shughuli nyingine: msimu wa korosho mimi natoa vitambaa vyeusi.