Kunyoosha njia ya faili kwa Python

Karibuni. Leo tunatatua swali linalopendwa sana kwenye usaili wa kazi za programu. Kwenye LeetCode, tovuti ya mazoezi ya programu, limepewa namba 71. Unapewa njia ya faili ya mfumo wa Unix, imejaa mikwaju (/) na nukta za ziada, nawe uirudishe ikiwa fupi na safi.

Tazama hii:

/nyumbani/amina//picha/./harusi/../../muziki/

Kabla hujagusa kibodi, isome kwa sauti, kama mtu anayeelekezwa nyumba. Ingia nyumbani, ingia amina. Mikwaju miwili ikifuatana, ihesabu mmoja. Ingia picha. Nukta moja: baki hapo hapo. Ingia harusi. Nukta mbili: toka harusi. Nukta mbili tena: toka picha. Ingia muziki. Tumefika /nyumbani/amina/muziki.

Umeona? Kila tuliporudi nyuma, tulitoka kwenye folda tuliyoingia mwisho. Ni kama sahani zilizopangwa kabatini, ya juu ndiyo unayoishika kwanza. Mpangilio huo tunauita staki, na kwenye Python orodha ya kawaida inatosha.

Sasa andika nami:

def nyoosha(njia):
    staki = []
    for kipande in njia.split("/"):
        if kipande == "" or kipande == ".":
            continue
        if kipande == "..":
            if staki:
                staki.pop()
        else:
            staki.append(kipande)
    return "/" + "/".join(staki)

Mstari wa split unakata njia kila penye mkwaju. Mikwaju miwili iliyoshikana huacha kipande kitupu katikati, ndiyo maana tunakiruka.

Simama kidogo kwenye "if staki", maana hapa wengi huanguka. Ukipewa /../ uko tayari kwenye mzizi, yaani folda ya juu kabisa, na juu ya mzizi hakuna pa kwenda. Bila sharti hilo, pop, inayotoa kipande cha mwisho, itakuta orodha tupu na programu itakatika kwa kosa.

Mtego wa pili ni nukta tatu. Hizo ni jina halali la folda, kama lilivyo halali jina la .siri linaloanza na nukta. Kwa hiyo linganisha kipande kizima kwa ==, usiangalie herufi ya kwanza tu.

Najua kuna anayetaka kufuta mikwaju kwa replace. Nakusihi, usiende huko. Badilisha mikwaju miwili kuwa mmoja kwenye ///, na bado utabaki na miwili. Utarudia, kisha nukta nazo zikusumbue, wakati staki inapita njia yote mara moja tu.

Simamisha video hapa, uipe programu yako /soko/../../shamba/./.../ na uiendeshe. Inatakiwa itoe /shamba/... pamoja na nukta zake tatu. Ikitoa / peke yake, rudi ukague ule mstari wa nukta mbili.